Ajali Ina Kinga



Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo umewafariji wafiwa wengi, na hakuna anayetaka kuwanyang'anya faraja hiyo. Lakini umekuwa pia kichaka cha kujificha wazembe: dereva aliyekimbiza gari, fundi aliyejenga ngazi bila ukingo, mkuu wa ofisi aliyeandikiwa mara tatu kuhusu shimo lililo wazi akazifungia barua hizo jaladani. Neno ajali lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, hutaja muda uliokadiriwa wa mtu kufa. Ndiyo maana wataalamu wa afya ya jamii hupendelea kusema majeraha. Jeraha lina chanzo, na chanzo huchunguzwa kama kinavyochunguzwa chanzo cha kipindupindu.

Taaluma hii si kongwe. Mwaka 1917 Mmarekani Hugh DeHaven, aliyekuwa akijifunza urubani wa kijeshi nchini Kanada, alinusurika ndege mbili zilipogongana angani. Kilichomshughulisha baadaye ni kwa nini yeye alipona, na ni kitu gani ndani ya ndege kilichomuumiza. Mwaka 1942 alichapisha uchunguzi wa watu walioanguka kutoka urefu wa futi 50 hadi 150 wakabaki hai, akaonyesha kwamba jambo kubwa ni jinsi mwili unavyosimamishwa, wala si kule kuanguka peke yake. Daktari William Haddon, aliyekabidhiwa mwaka 1966 idara mpya ya usalama barabarani ya Serikali ya Marekani, aliendeleza fikra hiyo. Kwake, kinachojeruhi ni nguvu inayozidi ile ambayo mwili huweza kustahimili, iwe ya mwendo, ya moto au ya umeme. Akachora jedwali linalouliza ni nini kingefanywa kabla ya tukio, wakati wa tukio na baada yake, kwa upande wa mtu, wa chombo na wa mazingira.

Jedwali hilo na litumiwe kwa mtoto wa shule ya msingi anayegongwa na gari Dar es Salaam. Desturi ni kumlaumu mtoto kwamba hakutazama kulia na kushoto. Hapana ubaya akifundishwa. Lakini kwa nini lango la shule lafungukia barabara kuu? Kwa nini hakuna tuta? Shirika la Amend lilijibu maswali hayo kwa saruji: njia za waenda kwa miguu, matuta, alama, hata kuhamisha malango ya shule. Mwaka 2019 mpango huo ulitunukiwa tuzo ya kimataifa ya miji.

Ugumu huanza unapotajwa ukatili. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitamka mwaka 1996 kwamba ukatili ni tatizo la afya ya jamii, na wapo wanaoona kuwa hiyo ni kazi ya polisi na mahakama tu. Polisi huja baada ya tukio. Jedwali lina safu ya kabla.

Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walitendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18, na takriban nusu walimtaja mwalimu. Ni uchungu kulisema jambo hili mbele ya walimu, lakini lisiposemwa mbele yao litasemwa mbele ya nani? Katika wilaya ya Luwero, Uganda, mpango wa miezi 18 ulijaribiwa katika shule za msingi, na shule 42 zikalinganishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba hatari ya mwanafunzi kupigwa na mtumishi wa shule katika wiki moja ilipungua kwa asilimia 42. Walimu walikuwa ni wale wale.

Kwa mtumishi wa umma kazi huanzia kwenye daftari. Daftari linaloandika "ajali" kisha likanyamaza halimsaidii mtu. Liandike siku, saa, mahali, kitu kilichojeruhi na aliyejeruhiwa. Shule yenye daftari la namna hiyo kwa muhula mmoja yaweza kwenda kwenye halmashauri na kuonyesha kwa kidole ni kona ipi inayohitaji tuta.