Leseni Haiondoi Madhara: Maneno kuhusu Bahati Nasibu na Kamari

Hotuba ya ofisi yetu ya uhusiano wa polisi na jamii mbele ya viongozi wa vijiji, wazazi na vijana



Mikutano hii kwa desturi huzungumzia wizi wa mifugo, pikipiki zilizopotea na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Leo tumependa kulitaja jambo ambalo mara nyingi hutangulia makosa kama hayo, nalo ni kamari, pamoja na ndugu yake mwenye sura ya heshima, bahati nasibu.

Kila tunapolitaja jambo hili huulizwa swali moja: ikiwa Serikali yenyewe ndiyo inayotoa leseni na kupokea kodi, askari wake wana neno gani la kusema? Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu la wazi.

Ni kweli kwamba hapa Uganda bahati nasibu ina idhini ya Serikali. Sheria ya bahati nasibu ya taifa ilitungwa mwaka 1967, ikafuatwa mwaka 1968 na sheria ya kudhibiti michezo ya kamari na kuitoza kodi. Zote mbili zilifutwa na sheria mpya ya mwaka 2016, iliyounda Bodi ya Taifa ya kusimamia shughuli hizo. Lakini sheria hiyo inayoruhusu ndiyo pia inayokataza: mtu ambaye hajatimiza miaka 25 haruhusiwi kucheza. Kijana wa miaka 18 tumemwamini kumchagua Rais, ila Bunge halikutaka aketi mbele ya mashine ya kamari mpaka miaka saba mingine ipite. Tena, mwezi wa Januari 2019, Serikali ilitangaza agizo la Rais kwamba kampuni mpya za kubashiri michezo zisipewe leseni, kwa hofu kwamba vijana wanaacha kazi. Basi leseni si cheti cha usalama. Leseni ya kilabu cha pombe huonyesha nani auze na wapi. Haisemi kwamba kinachouzwa hakileweshi.

Wala nchi yetu si ya kwanza kukutana na jambo hili. Mwaka 1934 Ubelgiji ilianzisha bahati nasibu ya kikoloni ili kuisaidia hazina ya Kongo, jirani yetu. Watawala huipenda njia hii kwa kuwa mlipaji hahisi kwamba ametozwa. Hupanga foleni mwenyewe. Uingereza nayo iliendesha bahati nasibu ya Serikali kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1808 kamati ya Bunge lake iliuchunguza mchezo huo, ikaeleza kwamba uvivu na umaskini unaongezeka, amana zinasalitiwa, utulivu wa nyumba unavunjika, na wapo wanaoishia kwenye uhalifu au kujiua. Mchezo wa mwisho ulichezeshwa mwaka 1826, na bahati nasibu ya taifa haikurejea huko mpaka mwaka 1994. Miaka mia mbili imepita, lakini orodha ile ingeweza kuandikwa kutoka katika daftari la kituo chochote cha polisi.

Tuifanye hesabu kidogo. Katika bahati nasibu ya kuchagua namba sita kati ya 49, kuna michanganyiko 13,983,816, na mmoja tu ndio unaoshinda zawadi kuu. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu Waganda takriban milioni 45.9. Kama kila mmoja wetu, pamoja na mtoto mchanga, angenunua tiketi moja ya shilingi 1,000, nchi ingetoa shilingi bilioni 45.9, na washindi wa zawadi kuu wangetarajiwa kuwa watatu hivi. Watatu hao tungewaona katika magazeti. Mamilioni waliobaki hawapigwi picha. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika kamari, haba na haba hukitoa kibaba kile nyumbani na kukijaza cha mwenye mashine.

Sasa tueleze yale ambayo kazi yetu hutuonyesha. Mtu huja kituoni akisema ameporwa njiani karo ya watoto. Tunaandika maelezo, tunatuma askari, na baada ya maswali machache hubainika kwamba hapakuwa na mporaji: fedha ziliishia dukani kwa wachezesha kamari, naye aliogopa kumwambia mkewe. Mweka hazina wa kikundi cha akiba hukopa sandukuni kwa siri akitumaini kurudisha Jumatatu, baada ya mechi za Jumapili. Kijana wa bodaboda hushindwa kupeleka hesabu ya siku kwa mwenye pikipiki, kisha pikipiki yenyewe huwekwa rehani. Mama anayeuliza fedha za chakula ziko wapi hujibiwa kwa ngumi. Katika maelezo ya kesi hizi huandikwa taarifa ya uongo, wizi wa kuaminiwa, kipigo. Neno kamari huenda lisionekane popote. Kodi inayokusanywa huhesabiwa hadi shilingi ya mwisho, lakini gharama hizi hakuna anayezijumlisha. Hulipwa na mke, mtoto na jirani, watu ambao hawakucheza.

Kwa hiyo tunayo maombi manne.

Kwanza, wenye maduka na wenye nyumba wasikubali mashine zisizo na leseni, wala wasimruhusu aliye chini ya miaka 25 kucheza. Tutakagua, na tunawaomba wenyeviti watuarifu. Jina la anayetoa habari tutalihifadhi.

Pili, vikundi vya akiba visiache funguo zote za sanduku kwa mtu mmoja, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mnapokutana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, wazazi wasimtume mtoto kupeleka tiketi ya baba dukani. Anajifunza njia kabla hajajua hatari yake.

Nne, na hili tunawaambia wale waliokwisha kunaswa: kudaiwa peke yake si jinai, bali taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa. Msije kwetu na hadithi ya mporaji. Njooni na ukweli, pamoja na mzee mnayemwamini au kiongozi wenu wa dini, tuwasikilize mapema kabla deni halijazaa wizi. Na mama anayepigwa asisubiri; kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia kipo kwa ajili yake.

Hatukuja kumhukumu mtu. Tumekuja kwa sababu tungependa kukutana nanyi hapa uwanjani, kabla hatujakutana katika chumba cha kuandikia maelezo.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.