Kama Mamadou angeingia ikulu

Wasikilizaji wa Beni, Butembo na vijiji vya jirani, leo tuchambue historia ambayo haikutokea. Tuseme Kanali Mamadou Ndala hakuuawa ile tarehe 2 Januari 2014, karibu na Beni. Tuseme alipanda vyeo, akavua kombati, akagombea urais na kushinda. Marekani jambo kama hilo lilitokea: Dwight Eisenhower, jenerali aliyeongoza majeshi ya washirika kuingia Ufaransa mwaka 1944, alichaguliwa rais mwaka 1952.

Mamadou anastahili kuwaziwa hivyo. Alikuwa bado kijana, kamanda wa batalioni ya 42 ya makomando, na mwaka 2013 alionekana mstari wa mbele waasi wa M23 walipofukuzwa Kibumba, Rutshuru, hadi Bunagana. Julai mwaka ule, habari zilipoenea kwamba anaitwa Kinshasa, wakazi wa Goma waliingia barabarani kupinga. Raia wa Kongo kuandamana ili mwanajeshi asiondoke! Hilo pekee linatosha kumpa nafasi katika historia yetu. Cheo cha jenerali alipewa akiwa marehemu. Oktoba mwaka aliouawa, mauaji ya raia yakaanza Beni, na wengi wakabaki wakijiuliza: je, kama angekuwepo?

Namheshimu kwa moyo wote, lakini ndoto inapofika ikulu naikataa. Jenerali wa ikulu tulishampata: Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, akakaa karibu miaka 32. Na hapa kwetu Kivu Kaskazini, tangu Mei 2021 tumo katika hali ya dharura ya kijeshi. Gavana akawa jenerali, vyeo vya meya wakapewa maafisa wa polisi, raia akishtakiwa akapelekwa mahakama ya kijeshi. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, gavana mpya, Jenerali Somo Kakule, akaendesha mkoa kutoka Beni. Watu wameendelea kuuawa wakienda mashambani. Tulichompendea Mamadou ni kwamba askari wake walimwona mbele yao. Ikulu ingemnyang'anya hicho hicho.

Kuna "kama" nyingine inayoniuma zaidi. Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi, CENI, ilisogeza kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama. Rais akaapishwa tarehe 24 Januari, sisi bado tunasubiri. Wapiga kura walioachwa nje, pamoja na wa Yumbi kule Mai-Ndombe, walizidi milioni moja. Tofauti kati ya mshindi na wa pili, kwa matokeo rasmi, haikufika laki saba. Hata hivyo, tarehe 30 Desemba watu wa Beni walipanga foleni, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura yao wenyewe. Kinshasa haikuihesabu.

Basi kijana wa Butembo au Beni mwenye kalamu, ukitaka kutunga riwaya ya historia mbadala, mwache Mamadou apumzike na heshima yake. Anzia kwenye foleni ile. Zihesabu kura zile, utuambie nani angeapishwa, na sisi tungemdai nini. Ukimaliza, tuletee hapa redioni tuisome.