MAUMIVU YASIYOISHA: TULIYOJIFUNZA KWA PANYA, FUKO NA NG'OMBE

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na mmoja wao, afisa mifugo katika utumishi wa umma)



Nilipoombwa kuzungumza niliambiwa nichague jambo la sayansi linalowagusa watu wa Nyanda za Juu Kusini, tangu Mbeya hadi Iringa. Nimechagua maumivu. Sisemi yale ya kujikata kisu au kuungua na sufuria, ambayo huja na kwenda zake. Nasema yale yanayokaa. Wataalamu huyaita maumivu sugu yakizidi miezi 3, na Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Jambo ninalotaka mwondoke nalo ni moja tu: mtu aweza kuumwa kweli kweli wakati kidonda kimekwisha kupona. Haigizi, wala hategei kazi. Kilichobadilika kimo ndani ya uti wake wa mgongo.

Nasema hivyo kwa sababu nimekaa katika vikao vingi vya kazi ambamo jina la mtumishi hutajwa, kisha husemwa, "Huyu kila wiki mgongo. Picha imepigwa, mifupa mizima. Anatafuta ruhusa." Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Shangazi yangu alichuma chai Mufindi miaka mingi. Siku moja alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kikafunga, likabaki kovu dogo. Lakini mwaka mzima baadaye, hata khanga ikimgusa pale penye kovu alikuwa akiruka kama aliyechomwa na kaa la moto. Jirani mmoja akasema amerogwa, mwingine akasema anadeka. Mimi wakati huo nilikuwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nasomea tiba ya mifugo, na huko ndiko nilikosoma habari ninazowaletea leo.

Ndani ya mifupa ya mgongo unapita ugwe laini, mweupe, mnene kama kidole kidogo cha mkono. Kwa wenzangu wa serikalini nitaufananisha na masjala. Mguu ukichomwa na mwiba, mishipa ya fahamu hupeleka barua kwenye ugwe huo. Karani wa masjala huipokea, huipima, kisha huamua kama iende juu kwa mkurugenzi, yaani ubongo, na kwa haraka gani. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba pale kwenye ugwe pana kitu mfano wa lango. Ndiyo maana mama humsugua mwanawe goti lililogongwa: barua za kuguswa zikiingia kwa wingi, za maumivu hupungua.

Sasa, karani huyo akiletewa barua za dharura mfululizo, usiku na mchana, hubadilika. Huanza kupiga muhuri wa HARAKA juu ya kila barua, hata ile ya kawaida kabisa. Mwaka 1983 Clifford Woolf, akifanya kazi London, alilithibitisha hilo kwa panya. Aliunguza kidogo unyayo wa panya, akapima jinsi misuli ya mguu inavyojikunja. Mguu ukawa mwepesi mno kujikunja. Kisha akapatia ganzi mahali palipoungua, ili barua zisitoke tena huko. Wepesi ule haukuondoka. Maana yake ni kwamba tatizo lilikuwa limehama kutoka unyayoni, likaingia katika ugwe.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1988, Gary Bennett na Yi-Kuan Xie huko Marekani walifunga uzi, kwa kulegeza, kuzunguka mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu wa panya. Panya wale walikaa zaidi ya miezi 2 wakiukinga mguu wao, hata kwa kitu kisichomwumiza mwenziwe. Niliposoma habari zao nilimkumbuka shangazi na khanga yake.

Vijana wa Baiolojia na Kemia watauliza: karani hubadilikaje? Mishipa ya maumivu hutoa kemikali iitwayo glutameti. Katika chembe za ugwe kuna mlango uitwao kipokezi cha NMDA, ambao kwa kawaida umezibwa na magnesiamu. Barua zikija mfululizo kizibo hutoka, kalsiamu huingia, na chembe huwa nyepesi kusisimka. Tena, mwaka 2003 Makoto Tsuda, Kazuhide Inoue na wenzao walionyesha kwamba mshipa ukiumia, chembe walinzi za ugwe, ziitwazo maikroglia, huamka na kuchochea moto huo. Hata breki za asili za ugwe hulegea.

Mimi ni mtu wa mifugo, kwa hiyo siwezi kumwacha ng'ombe. Wafugaji wa maziwa wa Rungwe wanajua taabu ya kwato. Watafiti wa Uingereza walitangaza mwaka 1998 kwamba baadhi ya ng'ombe waliotibiwa kwato waliendelea kuwa wepesi wa kuumwa hata siku 28 baada ya matibabu. Mfugaji anayempiga ng'ombe fimbo kwa kuwa "amekwisha tibiwa na bado anachechemea" anafanya kosa lile lile la vikao vyetu.

Yuko pia mnyama wa Afrika Mashariki aliyewashangaza walimwengu. Wote tunamjua fuko anayeinua vichuguu katika mashamba yetu ya viazi. Huyu wetu ana manyoya. Anaye ndugu asiye na manyoya, akaaye chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 1990 Titus Kanui wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Kjell Hole wa Norway, waliandika kwamba fuko huyo akipewa mofini hatulizwi maumivu, bali huwa mkali. Mwaka 2008 Thomas Park wa Chicago, Gary Lewin wa Berlin na wenzao walieleza kwamba hajali makali ya pilipili wala asidi unyayoni, ingawa akifinywa au akiguswa na moto huumwa kama kawaida. Mishipa ya ngozi yake haina kemikali iitwayo dutu P. Walipouwezesha unyayo mmoja kutengeneza dutu hiyo, unyayo huo ukaanza kuumwa na pilipili, lakini asidi bado haikuuumiza. Waligundua pia kwamba ndani ya ugwe mishipa hiyo ya fuko imeungwa kwa namna isiyo ya kawaida.

Ndugu Mwenyekiti, fuko huyo anatufundisha pia kujihadhari. Mnyama mmoja si sawa na mwingine, na panya si mtu. Dawa za kuzuia dutu P zilituliza maumivu ya wanyama katika maabara, lakini zilipojaribiwa kwa watu hazikufaa kwa maumivu. Moja yake leo hutumika kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani. Mwaka 2015 ikaonekana kwamba hata katika panya wadogo, dume hutegemea maikroglia na jike hutumia chembe nyingine za kinga. Kwa miaka mingi maabara zilikuwa zimetumia madume zaidi, ilhali wanaolalamikia maumivu sugu wengi ni akina mama.

Wengine wataniuliza kama ni haki kumwumiza kiumbe ili tujifunze. Ni swali la kweli, na halijibiwi kwa mkato. Tangu mwaka 1983 watafiti wa maumivu duniani wana maagizo ya maadili: watumie wanyama wachache iwezekanavyo, na maumivu yawe madogo na ya muda mfupi iwezekanavyo. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mimi naamini deni la wanyama wale hulipwa kwa kutumia elimu waliyotupa. Kuiacha kabatini ni kuwadhulumu mara ya pili.

Elimu hiyo inatuhusu hapa hapa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wazima kuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Wengi wa ndugu zetu hao wako hai kwa sababu ya dawa. Lakini virusi hivyo huweza kudhuru mishipa ya fahamu, na mojawapo ya dawa za zamani, stavudini, ilikuwa na madhara hayo hayo, hata mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba protini ya ganda la kirusi, ikiingizwa penye ugwe wa panya, huamsha chembe walinzi na kuleta maumivu. Basi mtu wa Makambako au Tukuyu akikwambia nyayo zinamwaka moto usiku na huoni kidonda, usimcheke.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, maumivu makali yatibiwe mapema, kabla karani hajazoea muhuri wake. Asiyelala kwa kuumwa asiambiwe avumilie, aende akapimwe. Pili, ijulikane kwamba ziko dawa zinazofanya kazi katika ugwe wenyewe, kama amitriptilini na gabapentini. Hazimfai kila mtu wala haziondoi yote, na mwenye kuamua ni daktari, si duka la jirani. Mazoezi ya taratibu nayo husaidia. Tatu, sisi wenye madaraka, tunapoletewa faili la mtumishi mgonjwa, tusiifanye picha ya mifupa kuwa hakimu wa mwisho. Picha ile haionyeshi karani amefanya nini. Tumpangie kazi anayoiweza, naye ataifanya.

Nanyi wanafunzi, msidhani maarifa haya yote hutoka mbali. Nairobi ilimchunguza fuko wa jirani yake, na dunia ikasikiliza. Katika mashamba ya Umalila na Kilolo yumo fuko wetu mwenye manyoya. Yeye huumwa na nini, na haumwi na nini? Yeyote kati yenu aweza kuja kuwa mtu wa kutujibu, akishika vizuri Baiolojia na Kemia yake.