Tiba ya Mkono kwa Wapanda Baiskeli wa Safari za Kheri



Msafiri maskini ajapokuwa sultani. Ukweli wa methali hiyo huonekana sana katika safari za baiskeli zinazofanywa ili kuchangia wagonjwa na wenye shida. Tajiri na karani, mwalimu na fundi, wote huondoka asubuhi wamenyoosha migongo, na wote hufika jioni wameinama, kila mmoja akihitaji mkono wa mwenziwe. Hotuba hii inahusu mkono huo: unaweza nini, hauwezi nini, na mwenye kuutoa yampasa awe mtu wa namna gani.

Mfano mzuri uko Marekani, katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1980 Bwana Billy Starr, ambaye mama yake alifariki kwa saratani ya ngozi, aliwakusanya wapandaji 36 wakalivuka jimbo hilo kwa siku mbili mpaka Provincetown, mji ulioko pwani. Walipata dola 10,200, na fedha hizo zilikwenda kusaidia hospitali ya saratani ya Dana-Farber iliyoko Boston. Safari hiyo, iitwayo Pan-Mass Challenge, ilikua mwaka hata mwaka, na kufikia mwaka 2024 jumla ya fedha zilizopatikana ilikuwa imepita dola bilioni 1.

Fedha hizo hazikuletwa na miguu ya wapandaji peke yake. Wako wapishi, mafundi wa baiskeli, waganga na wakandaji, ambao hutoa kazi yao bila ya malipo. Siku ya kwanza, wale waondokao Sturbridge husafiri kiasi cha kilomita 175 mpaka Bourne, na huko ndiko wanakolala. Mpandaji aliyekakamaa kiuno hukuta mtu amemngojea ili amkande mapaja, vigimbi na mabega, apate kupanda tena alfajiri. Mkandaji huyo hakupanda baiskeli hata hatua moja, lakini ana fungu lake katika kheri ile.

Sasa inafaa ielezwe kukanda kunafaa nini, maana watu wengi husifu kupita kiasi. Aghalabu husemwa ya kwamba kukanda hukamua asidi iliyobaki katika misuli. Hilo si kweli. Asidi hiyo huondoka yenyewe kwa muda wa saa moja hivi baada ya mtu kupumzika. Maumivu ya kesho yake hutokana na majeraha madogo madogo ya nyuzi za misuli, nayo huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Mwaka 2020 wataalamu wa Sheffield, Uingereza, walikusanya matokeo ya majaribio 29 yaliyohusu watu zaidi ya 1,000. Waliona ya kwamba kukandwa hakumwongezei mtu nguvu, mbio wala ustahimilivu. Hata hivyo, hupunguza kidogo maumivu hayo na hulegeza viungo.

Faida hiyo ni ndogo, lakini kwa mtu aliyebakiwa na safari ya siku nzima si haba. Zaidi ya hayo, aliyekandwa huona ya kwamba yuko mtu anayemjali, naye hulala kwa utulivu. Basi mkandaji na aahidi hayo tu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Kadhalika yako maumivu yasiyotaka kukandwa, bali yataka kuondolewa sababu yake. Mpandaji ambaye kidole cha pete na cha mwisho vimekufa ganzi, huwa amebanwa mshipa wa fahamu upitao kiganjani. Huyo abadili mshiko wake, ainuliwe usukani, avae glovu nene. Mwenye kuumwa magoti atazamwe kiti chake, huenda kimewekwa chini mno.

Tena liko jambo kubwa zaidi, nalo ni la uhai. Mpandaji mwenye kubanwa kifua, au ambaye maumivu yake yanapanda begani na tayani, asikandwe. Apelekwe hospitali mara moja. Aliyevimba kigimbi kimoja kikawa cha moto, huenda damu imeganda ndani, na kumkanda ni hatari. Aliyechanganyikiwa kwa joto amwagiwe maji, apepewe, atafutiwe daktari. Wapandaji wa safari za kheri hupenda kuficha taabu zao, kwa kuwaonea haya waliowachangia. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mkandaji ndiye mara nyingi wa kwanza kuambiwa siri hiyo, basi asiifiche pamoja na mgonjwa.

Wako wengine watakaouliza juu ya kuumika. Hiyo ni tiba yenye heshima kubwa kwa Waislamu, lakini kando ya njia si mahali pake. Wembe usiotakaswa waweza kumwambukiza mtu homa ya ini au Ukimwi, na chanjo mbichi chini ya jasho na vumbi huoza upesi. Chuku na ingoje mpaka safari imekwisha, ifanywe na mjuzi mahali safi.

Mwisho ni adabu. Mkandaji aombe ruhusa kabla ya kumgusa mtu, aulize maradhi yake, anawe mikono kila amalizapo mmoja. Wanaume wakandwe na wanaume, na wanawake wapatiwe mahali pao pa stara pamoja na wanawake wenzao. Anayesema “basi” aachwe hapo hapo.

Jumuiya yo yote itakayopanga safari ya namna hii kwa ajili ya yatima au wagonjwa, na iwatafute watu hao mapema, kama itafutavyo baiskeli na maji. Na vijana wasioweza kupanda, kwa umri au kwa udhaifu, wasidhani wamekosa fungu. Wajifunze kazi ya kukanda kwa mtu aijuaye, wajifunze na mipaka yake, kisha wakawangoje wenzao pale safari inapolala.