MNYORORO HAUTELEZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa mitaa ya Eastlands, Nairobi)

Katibu ameniomba niseme machache juu ya mnyororo wa mashine, ndiyo cheni, na sababu ya sisi kudai ufunikwe.

Tazameni baiskeli zilizoegeshwa hapo nje. Tuseme gurudumu la meno la mbele lina meno 48, na la nyuma 16. Kila jino hushika kiungo kimoja. Basi ukikanyaga mzunguko mmoja, viungo 48 hupita, na tairi ya nyuma huzunguka mara tatu. Mwendo umezidi, lakini nguvu ya kuzungusha imebaki theluthi moja. Ndiyo maana mwenye gunia la sukumawiki akifika mlimani hushuka akasukuma.

Katika karakana mara nyingi ni kinyume. Mota huenda mbio na gurudumu lake ni dogo. Linaloendeshwa ni kubwa. Hapo mwendo hupungua, nguvu huzidi.

Sasa, mkanda wa mpira ukizidiwa huteleza. Mnyororo hautelezi, maana jino limekwisha kushika kiungo. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo hatari yake. Kidole kikiingia pale mnyororo unapokutana na meno, mashine haijui kuwa ni kidole. Usifute wala kupaka mafuta ikizunguka: tambara hunaswa kwanza, mkono hufuata.

Na mnyororo uliochakaa ni hatari vilevile. Huu wenye pini na rola alibuni Hans Renold, Mswisi aliyekaa Manchester, mwaka 1880. Watu husema cheni imevutika. Chuma hakikuvutika, pini na tundu zake zimelika, kila kiungo kimelegea kidogo. Viungo 24 vya cheni mpya ya baiskeli ni inchi 12 kamili. Vikifika inchi 12 na moja ya kumi na sita, badilisha, kabla haijala meno na kukulazimisha kununua magurudumu pia. Ya mashine kubwa ikilegea hivyo huruka meno, au hukatika na kuchapa aliye karibu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka mitambo ya kupitisha nguvu izungushiwe kinga imara. Kifuniko kilichotupwa pembeni kwa sababu kinachelewesha kazi si kinga. Kwa hiyo kila mjumbe wa karakana aandike mashine zote zisizo na kifuniko, mahali zilipo na tangu lini, aniletee karatasi kabla ya Jumamosi. Kamati itazipeleka kwa mwajiri kwa maandishi.