Leseni ya Lori: Usinunue Karatasi

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka.)

Vijana wengi wanatuuliza: "Nilikuwa dereva wa kamioni kule Kongo. Nifanye nini niendeshe hapa Malawi?"

Kwanza, leseni inatolewa na idara ya serikali ya usalama barabarani, DRTSS, yenye ofisi Lilongwe. Dalali hana leseni ya kukupa. Jina lako lazima liwe kwenye kompyuta za idara. Ukinunua karatasi ya bandia, hela imepotea, na wewe ndiye utakayesimama mahakamani.

Pili, jua daraja unalotaka. Daraja B ni magari madogo. C1 ni lori la kilo 3,500 hadi 16,000. C ni zaidi ya hapo. Lori kubwa lenye trela ni EC. Anayeendesha kwa malipo anahitaji pia kibali cha dereva wa kazi.

Tatu, hata mzoefu ajifunze upya. Kongo, Burundi na Rwanda tunashika kulia. Hapa ni kushoto. Kwenye mzunguko wa barabara, mazoea ya zamani yanaweza kuua mtu.

Sasa tuseme ukweli. Leseni si kibali cha kazi, wala si ruhusa ya kutoka kambini. Malawi iliweka masharti yake kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kuhusu ajira na kutembea pia. Mwaka 2023 waliokuwa wakiishi mijini waliamriwa kurudi Dzaleka. Na bila hati ya kusafiria, lori utalifikisha Songwe au Mwanza, mpaka hutauvuka.

Basi kabla hujauza mbuzi au kukopa, fanya haya. Omba ruhusa ya safari. Uliza DRTSS wenyewe kama kitambulisho chako cha mkimbizi kinakubalika, na kwa daraja gani. Uliza shule ya udereva gharama yote, pamoja na gari la mtihani. Dai risiti. Leseni yako ya zamani itunze, usiitupe.

Jibu likiwa hapana, umepoteza nauli tu, si akiba ya familia. Likiwa ndiyo, utaanza na karatasi halali mkononi.



(Muziki wa kufunga.)