Saini tunazo, nakala hatuna

Ndugu msikilizaji, wiki hii nilikuwa nimejiandaa kuzungumza nawe juu ya bei ya maharage, maana ndiyo habari inayowagusa watu wengi wa Kasulu na Kibondo. Nimeacha. Sababu ni kwamba Jumatatu, nilipopita sokoni Kasulu, nilimkuta mama mmoja muuza maharage amesahau debe lake likiwa nusu, anabishana na kijana wa mkokoteni kama beki fulani wa kushoto anafaa kusajiliwa ama hafai. Mteja kasimama, pesa mkononi, naye badala ya kudai maharage yake akaingia katika ubishi. Nikajua dirisha la usajili limefunguliwa. Maharage yatasubiri.

Niseme mapema ili mtu asije akanituhumu mbele ya safari: mimi ni mpenzi wa Simba. Ugonjwa huu ulinipata Novemba 1993, nikiwa mtoto Kibondo, tumeizunguka redio ya baba tukisikiliza fainali ya Kombe la CAF kati ya Simba na Stella ya Abidjan. Ugenini tulikuwa tumetoka suluhu bila mabao. Dar es Salaam tukafungwa 2-0. Mtoto mwenye akili angehama siku ile ile, lakini mimi nilibaki.

Mwezi mmoja kabla ya mchezo ule, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alikuwa ameuawa, na watu walikuwa wakivuka mpaka kwa maelfu kuingia kwetu. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliotushinda mpira kwa mbali. Wao walitusimulia habari za Vital'O, iliyofika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1992. Sisi tuliwasimulia Simba na Yanga. Mpira wenyewe ulikuwa wa matambara na kamba za migomba. Ndiyo maana mpaka leo, ninaposikia kijiwe kinalalamika kwamba fulani ni mgeni, ni Mrundi, anawazibia watoto wetu nafasi, roho yangu husita kidogo.

Na hapo ndipo ninapoanzia. Mwaka 2013 Simba ilimchukua Amissi Tambwe kutoka Vital'O. Alikuwa ametoka kuwa mfungaji bora wa Kombe la Kagame, ambalo Vital'O ililitwaa kule Sudan. Msimu wake wa kwanza Msimbazi, 2013/14, akafunga mabao 19 na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu. Sasa msikilizaji, mtu aliyekufungia mabao 19 unamfanya nini? Sisi tulimtema. Lilipofika dirisha dogo la Desemba 2014, wakati huo klabu ikiruhusiwa wachezaji watano tu kutoka nje, viongozi wakaona nafasi yake apewe mwingine. Yanga hawakuchelewa. Walimwokota kama mtu anavyookota noti njiani, na msimu wa 2015/16 akafunga mabao 21, akawa mfungaji bora tena, Yanga wakachukua ubingwa.

Simba tuliutwaa ubingwa mwaka 2012, hatukuuona tena mpaka 2018. Sisemi ni kwa sababu ya Tambwe peke yake. Ila ninasema kwamba katika miaka ile tulikuwa tukisajili kwa hasira. Kila dirisha tuliuliza Yanga wamemchukua nani, badala ya kuuliza sisi tumepungukiwa wapi. Msimamo wangu ni kwamba mchezaji anayesajiliwa ili jirani aumie, mara nyingi humuumiza aliyemsajili, maana hana namba ya kucheza na mshahara anakula.

Yanga nao wasicheke sana. Mwaka 2022 waliachana na Saido Ntibazonkiza, Mrundi mwingine, mtu aliyewahi kucheza Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa. Akaenda Geita Gold, kisha dirisha dogo akatua Simba, na mwisho wa msimu wa 2022/23 alikuwa na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga. Lakini hapa lazima niwe mkweli hata kama inauma: Yanga hawakuathirika. Walikuwa na Mayele, walikuwa na viungo wanaolisha, wakatwaa ubingwa na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Walimwacha mtu kwa kuwa walijua watacheza vipi bila yeye. Sisi mwaka 2014 hatukujua.

Halafu kuna Juma Kaseja, mzaliwa wa mkoa wetu. Huyu ameonja pande zote: Simba, mwaka 2008 Yanga, mwaka 2009 akarudi Simba, mwaka 2013 Simba wakamwacha na Yanga wakamchukua tena. Kila alipohama, vijiwe vilimzika. Ati mikono imekwisha, ati amezeeka. Septemba 2019, akiwa na miaka 34 na akidakia KMC, aliitwa Taifa Stars tukicheza na Burundi kuwania nafasi ya Kombe la Dunia. Mchezo ukaenda penalti, tukashinda 3-0. Warundi hawakupata hata moja. Usiku ule, niwaambie, katika kijiwe kimoja karibu na mpaka walikuwapo watu wa nchi zote mbili, na waliokuwa wamemzika Kaseja ndio walioruka juu kuliko wote.

Tarehe 25 Julai 2021 nilipanda basi la alfajiri kutoka Kasulu kwenda Kigoma mjini. Fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF ililetwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, kwetu. Kulikuwa na wazee waliokuwa wakizishabikia timu hizo tangu enzi za Sunderland, hawajawahi kuziona kwa macho. Simba ilishinda 1-0, bao la Taddeo Lwanga, Mganda. Mukoko Tonombe wa Yanga alikuwa ametolewa kwa kadi nyekundu. Kwa siku kadhaa watoto wote mitaani kwetu waligeuka Lwanga. Haukupita mwaka na nusu, Mukoko yuko TP Mazembe na Lwanga kaachwa na Simba, yuko Djibouti. Watoto wakabaki na jina la mtu mgongoni ambaye hayupo. Ndiyo biashara yenyewe ilivyo, silaumu, ila inachosha kupenda.

Nilimweleza habari hii mzee mmoja wa Kibondo tukinywa kahawa. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, wewe unalilia mtu wa Uganda aliyekwenda Djibouti. Vijana wetu wanaoondoka hapa kila mwaka, nani anawalilia?"

Swali hilo sikulijibu pale. Nitajaribu leo.

Wenzetu Marekani, katika mpira wao ule wa kushika kwa mikono, wana utaratibu tangu mwaka 1936, mwaka ule ule ilipozaliwa Simba. Vijana wanaomaliza vyuo hupangwa, na timu iliyoshika mkia ndiyo huanza kuchagua. Bingwa huchagua mwishoni. Katika mpira wa kikapu nako timu dhaifu hupewa nafasi za mbele. Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Mnajua wenyewe Curry amefika wapi. Kwa hiyo hata wenye kompyuta na makocha ishirini hubahatisha kama sisi.

Wapo wanaosema tuige utaratibu huo ili timu ndogo zipate wachezaji wazuri. Mimi siafiki. Kijana wa Kasulu asiambiwe kwamba mwajiri wake amekwisha kuchaguliwa, yeye ni kufunga begi tu. Na timu ndogo si lazima iwe dhaifu. Desemba 2018 Mashujaa ya hapa Kigoma, ikiwa bado daraja la chini, ilikwenda Dar es Salaam ikaitoa Simba kwa 3-2 katika Kombe la Shirikisho la TFF, Simba ile ile ambayo msimu huo ilifika robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Aprili 2024, ikiwa imekwisha kupanda Ligi Kuu, ikatutoa tena kwa penalti hapa hapa Lake Tanganyika. Mke wangu aliniuliza siku ile kama nimefurahi au nimenuna. Nilishindwa kumjibu, nikaenda kulala.

Ninachokitaka si kuchaguliana vijana. Ninataka karatasi.

Mwaka 2011 nilikuwa katibu wa timu moja ya mtaa. Tulikuwa na winga wa kushoto, miaka 17, simtaji jina maana yuko hai na ana heshima zake. Wakaja watu wa timu moja ya mkoa mwingine, nayo siitaji. Walikuja na gari, mipira miwili na mkataba wa kurasa nne. Mimi ndiye niliyekuwa msomi pale, mtu wa redio, mwenye stashahada ya uandishi wa habari. Nikaombwa niweke saini kama shahidi. Ndugu zangu, sikusoma. Nilipindua kurasa kama mtu anayetafuta picha, nikaweka saini, tukapigwa picha, nikapewa jezi. Nakala hatukuachiwa, na mimi sikudai.

Kijana alilipwa miezi michache. Akaumia goti mazoezini. Timu ikamwambia apumzike nyumbani kwanza, na huko kupumzika ndiko kukawa mwisho. Mama yake alikuja kwangu na swali moja tu: "Baba, mwanangu alisaini nini?" Sikuwa na jibu. Kama matibabu yalikuwamo sijui, kama fidia ilikuwamo sijui. Aliuza mbuzi na sehemu ya shamba la mihogo kumtibu. Leo kijana anaendesha bodaboda Kibondo, na akinipakia hukataa nauli yangu. Afadhali angeipokea na kunitukana.

Tangu hapo nilianza kusoma sheria za FIFA kama wengine wanavyosoma matokeo. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba unaozidi miaka mitatu. Mkataba ukibaki miezi sita, mchezaji ana haki ya kuzungumza na timu nyingine bila kuomba ruhusa. Na kuna jambo ambalo timu zetu nyingi za huku hazijalisikia: mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya fedha hukatwa na kugawanywa kwa timu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23.

Tupige hesabu. Simba ilipomuuza Emmanuel Okwi Tunisia mwaka 2013, kiasi kilichotangazwa kilikuwa dola 300,000. (Fedha zenyewe zilileta mgogoro mpaka FIFA, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Timu iliyomlea mchezaji wa bei hiyo kuanzia miaka 12 mpaka 15 inastahili asilimia 1, yaani dola 3,000. Kwa timu ya tarafa hizo ni jezi, mipira na nauli za misimu kadhaa. Ila hulipwi kwa kuapa. Unalipwa kama timu yako ilikuwa na usajili katika chama cha mpira, na kama jina la kijana limeandikwa, mwaka hadi mwaka. Fomu za timu yangu nilizihifadhi katika boksi chini ya kitanda. Mchwa walizimaliza kabla sijajua thamani yake.

Naogopa kusema tuna akina nani waliokwisha kupita hivyo. Mtazameni Kibu Denis, wa familia ya wakimbizi wa Kikongo, aliyepewa uraia wetu mwaka 2021. Mwaka 2024 alionekana Norway akiwa amekwisha kuongeza mkataba na Simba, na vijiwe vyetu vikamtukana wiki nzima, nikiwamo mimi. Desemba mwaka huo huo alifunga mabao yote mawili tulipoifunga CS Sfaxien 2-1. Nikajiuliza: tuliomtukana, kuna aliyewahi kuusoma mkataba wake? Na vijana wanaopiga mpira leo vumbini Kasulu na kambini Nyarugusu, ni nani ameandika majina yao?

Basi Jumamosi hii, saa nne asubuhi, nitakuwa shule ya msingi karibu na uwanja wa mpira Kibondo, pamoja na mwalimu wa michezo na wakili mmoja aliyekubali kuja bila malipo. Makatibu wa timu, njooni na madaftari yenu ya wachezaji, hata kama yana matope. Wazazi ambao watoto wao wameitwa kwenye majaribio, njooni na karatasi mlizopewa kabla hazijawekwa saini. Tutasoma ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili, na panapobidi kwa Kiha. Mashine ya kutoa nakala ipo. Wino nimenunua mwenyewe. Winga wangu wa zamani amesema atawaleta kwa pikipiki wanaotoka mbali, na safari hii nimemwambia nauli atachukua.

Hadi wiki ijayo, kwaherini. Bei ya maharage sijaisahau.